Selimundu na mazoezi ya viungo
Katika mafunzo ya usaidizi wa tiba ya viungo nimemhudumia kijana anayeumwa nyonga, mwenye selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi unaozipa chembe nyekundu za damu umbo la mundu, na kwake nimeelewa kwa nini tunasomeshwa damu kabla ya misuli. Chembe nyekundu ya kawaida huishi takribani siku 120. Zake huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na zile zinazonasa katika mishipa midogo zikiwa zimejikunja hukinyima damu kichwa cha mfupa wa paja, hata kikaanza kufa. Kwa hiyo tunamfanyisha mazoezi taratibu, akiwa amekunywa maji ya kutosha, na maumivu yake tunayatuliza kwa joto, kamwe si barafu. Joto hilohilo, kwa mwenye himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda vizuri) anayevuja damu gotini, lingezidisha uvujaji.