Mimba ya pili Kampala, safari hii nimepewa stuli

Jamani mie mtu wa Mwanza, mwaka wa sita sasa niko Kampala nauza vitenge kwenye jengo la maduka, wenyewe wanaita akedi, ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Mimba ya kwanza nimeibeba nimesimama, Jumatatu mpaka Jumamosi, miguu imevimba viatu haviingii, bosi wa wakati ule anasema mteja akikuta muuzaji amekaa anaona duka limelala. Choo kiko chini kabisa na kinalipiwa, basi nikawa sinywi maji ili nisishuke ngazi, nikaja kupata UTI mbaya, daktari ananiuliza mama unakunywa maji kiasi gani nikabaki nalia tu.

Likizo nayo. Kwetu Tanzania ni siku 84, hapa Uganda sheria ya ajira ya 2006 inasema siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Nikapiga hesabu: wa ofisini anayefanya siku tano kwa wiki, hizo 60 ni wiki 12, sawasawa na 84 zetu. Ila sisi wa dukani wa siku sita zinakua wiki 10 tu, yani anayesimama zaidi ndo anarudi mapema, na hilo linaniuma mpaka leo. Baba mtoto yeye siku nne.

Mimba ya pili nilishahamia kwa mama mmoja wa Masaka, nilivyomwambia tu akaninunulia stuli ndefu, nahudumia wateja nimekaa, mauzo hayajashuka hata kidogo. Marobota wanabeba vijana, siku ya kliniki naenda bila kukatwa, hela ya choo inatoka dukani, asubuhi naingia saa tatu nisigombanie takisi, yani daladala za huku, na tumbo. Niliporudi kazini dada wa nyumbani alikua ananiletea mtoto saa saba, nanyonyesha nyuma ya pazia. Mungu ambariki yule mama.

Sasa kuna binti duka la jirani, ana miezi minne, anavaa magauni mapana kuficha asije akafukuzwa. Nimemwambia mdogo wangu, kukufukuza sababu ya mimba sheria hairuhusu, akaniangalia kama namdanganya. Stuli nimempelekea jana. Jumatatu tunaenda wote kwa bosi wake, mie ndo nitaanza kuongea.