Miaka Mitatu Isiyo na Barua

Nimerudi tangu mwezi wa kumi mwaka jana, na watu bado wananiuliza, "Sasa huku unafanya nini?" Jibu la kweli ni kwamba nimekuwa karani wa mama mkubwa, muuguzi mstaafu. Silipwi, na bosi ni mkali.

Nilikaa Uingereza miaka 18, karibu yote nikihudumia wazee majumbani mwao: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwapa dawa, kisha kuandika kila nilichofanya kabla ya kufunga mlango. Nilirudi na masanduku mawili na nia ya kupumzika. Wiki ya pili mama mkubwa akaingia chumbani kwangu na mfuko wa plastiki, akaumimina wote kitandani. "Wewe si umesoma karatasi za wazungu? Hebu nisomee na hizi."

Barua ya ajira ya 1982. Ya kuthibitishwa kazini. Za kupandishwa daraja, nyingine zimechelewa mpaka zinachekesha. Za uhamisho zilikuwa nne. Vituo alivyofanyia kazi ni sita. Piga hesabu mwenyewe.

Isiyoonekana ni ya 1991, iliyompeleka kwenye zahanati ya mbali alikokaa mpaka 1994. Masijala ya zamani wanasema faili lilihama pamoja na ofisi. Ofisi mpya wanasema halikufika. Basi alipostaafu Julai 2020, akiwa na miaka 60, kiinua mgongo kikahesabiwa kwa miaka 35 badala ya 38. Kwa hesabu yao, muuguzi huyu alipotea miaka mitatu, akaibuka akiwa na sare ileile.

Mimi kule nilifungua kompyuta nikaona michango yangu yote, mwaka kwa mwaka, hata ya kazi niliyoiacha kwa hasira baada ya miezi minne. Ukifikisha miaka 10 ya michango una haki ya pensheni ya serikali, kidogo au kingi. Hakuna aliyenitaka nithibitishe nilikuwa wapi. Simwelezi hayo mama mkubwa. Nilimweleza mara moja, akanitazama kama mtu anayejisifia viatu mbele ya aliye pekupeku.

Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na daftari la jalada gumu. Ndani, safu mbili za kalamu kila ukurasa, na namba tu. Asubuhi 4, jioni 6. Asubuhi 5, jioni 7. Kurasa na kurasa.

"Hii nini, mama?"

"Friji."

Zahanati ile haikuwa na umeme. Friji ya chanjo iliendeshwa kwa mafuta ya taa: kuna kimoto chini yake, na moto huohuo ndio unaoleta baridi. (Alinieleza mara tatu, bado naona kama mazingaombwe.) Moto unatakiwa uwe wa bluu. Ukigeuka wa njano unatoa masizi, masizi yanaziba dohani, na ndani joto linaanza kupanda. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zikiharibika kwa joto, kwa macho huoni kitu. Maji ni yaleyale, kichupa ni kilekile. Siku hizi vichupa vina alama, mraba mdogo ndani ya duara, na mraba ukikolea ukafanana na duara lake unajua ni ya kutupa. Alama hiyo ilianza kwenye chanjo ya polio mwaka 1996. Kabla ya hapo kulikuwa na kipimajoto na uaminifu wa anayekisoma, basi.

Kwa hiyo alikuwa anaamka saa nane usiku kwenda kuangalia moto, na ukiwa mbaya anaukata utambi kwa mkasi. Fomu ya joto ilibandikwa mlangoni mwa friji na kila mwisho wa mwezi ilipelekwa juu. Yeye alinakili kila namba kwenye daftari lake kabla haijaondoka. Nikamuuliza kwa nini. "Karatasi ikienda juu hairudi. Nilishalijua hilo nikiwa msichana."

Kuna ukurasa mmoja wenye 13, imezungushiwa wino mwekundu. Mafuta yalichanganywa maji, moto ukazimika wakati yeye yuko kwa mjamzito anayejifungua. Akatupa chanjo zote. Asubuhi akina mama walishafika na watoto wa miezi tisa, siku ya surua, wengine wametoka kwao alfajiri kwa miguu. Akawaambia warudi, waje wiki mbili baadaye. Mmoja wao akamwambia, "Kwani ukimchoma tu hiyohiyo, nani atajua?"

Mama mkubwa alinisimulia hili huku akipanga barua upya, hakuinua macho. Hakusema alimjibu nini yule mama.

Begani ana kovu la chanjo ya ndui. Mimi sina, nimezaliwa baada ya ugonjwa wenyewe kutoweka. Historia yake anaijua kuliko ya ukoo wetu: mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona. Miaka mingi baadaye akajitolea kwenye kampeni za polio huko kwao, na alikuwa kwenye kazi hiyo malaria ilipomuua, 2013. Mama mkubwa humwita "mwenzetu." Dunia ilitangaziwa mwisho wa ndui Mei 1980, yeye akaanza kazi miaka miwili baadaye, akiamini polio nayo itaondoka. Alizunguka nyumba kwa nyumba na kisanduku cha barafu, matone mawili mdomoni, wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, nyumba inayofuata.

Tarehe 25 Agosti 2020 ikatangazwa kwamba Afrika haina tena polio ya virusi vya asili. Alikuwa amestaafu mwezi mmoja tu. Nikamuuliza habari hiyo ilimkuta wapi, nikitegemea machozi kidogo.

"Redio ilikuwa imewashwa. Nilikuwa natafuta hiyo barua."

Kwenye sherehe ya kumuaga walisema kazi yake ilikuwa wito, cheti chake kinasema hivyo pia, kiko sebuleni kwenye fremu. Neno hilo nimelichoka. Nimelisikia kila penye mtu anayetakiwa kuvumilia mshahara mdogo, huku na kule nilikotoka, na sijawahi kusikia likitajwa kwa aliyeipoteza barua.

Juzi tulikwenda ofisini na daftari. Kijana wa pale ni mstaarabu, alimpa mama shikamoo kwa kusimama. Akalifunua taratibu, kurasa nyingi kuliko nilivyotarajia, akafika kwenye 13 akasimama. Kisha akasema, "Mama, hii si barua." Ni kweli, si barua. Anataka kiapo cha mahakama na mashahidi wawili waliofanya kazi naye kipindi kile. Mganga wa zahanati alishafariki, na muuguzi mwenzake pia. Kabaki mlinzi, na mhudumu aliyekuwa akibeba madumu ya mafuta. Mlinzi yuko tayari. Mhudumu tumempata kwa simu. Hasikii vizuri, nililazimika kupiga kelele mpaka jirani akachungulia. Jina la mama mkubwa halikumfikia. Nikapiga kelele, "Friji! Ya mafuta!"

"Aaah," akasema. "Yule asiyelala."

Jumatatu tunakwenda kumchukua, halafu mahakamani. Mama mkubwa ameshapiga pasi gauni lake. Mimi ameniambia nisivae lile koti nililokuja nalo, wakiliona watadhani hatuna shida.