Magufuli anayesifiwa barazani

Kahawa ikimiminwa hapa Mkunguni, hakosi wa kusema Kenya yahitaji Magufuli wake. Namwelewa. Desemba 2015 Magufuli, rais wa Tanzania wakati huo, alifuta sherehe za uhuru, watu wakashika mafagio kufanya usafi, na mwaka uliofuata ada ikaondolewa hadi kidato cha nne.

Lakini ndugu zangu, tazameni na kufuli lilivyofungwa. Juni 2016 mikutano ya hadhara ya kisiasa ikapigwa marufuku. Mwaka 2017 magazeti ya Mawio na MwanaHALISI yakafungiwa miezi 24 kila moja. Gazeti halilipi wafanyakazi miaka miwili bila kuuza nakala. Septemba mwaka huohuo Tundu Lissu, mbunge wa upinzani, akamiminiwa risasi Dodoma, na Novemba mwandishi Azory Gwanda akatoweka Kibiti.

Kanuni za mtandao za 2018 ndizo zilizoniuma zaidi. Kijana mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi za Tanzania 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine za kila mwaka. Wengi walifunga blogu zao wenyewe, bila askari kubisha hodi.

Magufuli alifariki Machi 2021. Marufuku ya mikutano iliondolewa Januari 2023.