Maonyesho ya vitabu kwa katoni za sabuni: mimi nilivyofanya

Mtu akikwambia maktaba ndogo haiwezi kuonyesha vitabu bila bajeti, mpeleke kwa wauza mitumba hapa Busia. Muuza mitumba hana rafu wala kioo, lakini shati analotaka litoke leo utaliona kabla hujamwona yeye mwenyewe. Sisi wakutubi tunabananisha vitabu migongo nje, maandishi ya mgongoni yameshafifia, halafu tunalalamika kwamba watu hawasomi.

Maktaba yetu ni ya jamii: chumba kimoja na baraza, upande wa Uganda, si mbali na mpaka. Wanaoingia ni wanafunzi, akina mama wa sokoni, na vijana wa bodaboda mvua ikiwakimbiza. Nilimwuliza fundi seremala bei ya meza ya mteremko ya kuonyeshea vitabu. Akataja shilingi laki nne na ushee za Uganda, na mbao nitafute mwenyewe. Nikamshukuru, nikaenda zangu.

Kabla ya kufika kwenye katoni, lazima niseme habari ya kamba. Nilihudhuria semina moja, mwezeshaji akatuonyesha picha safi kabisa: kamba imevutwa ukutani, vitabu vimening'inia kwa vibanio vya nguo, taa ndogo ndogo zinawaka. "Gharama sifuri," akasema, na ukumbi mzima ukaandika. Kamati yetu ilipenda sana, hata ikatoa pesa ya vibanio. Tukavuta kamba kutoka dirisha hadi dirisha, juu ya meza ya magazeti. Vijitabu vyembamba vya watoto vilikaa vizuri, sikatai. Lakini katibu wa kamati alitaka "na vile vizito vionekane", akabana kitabu cha fizikia cha sekondari kwa vibanio vinne. Kikakaa usiku kucha. Asubuhi, Hajji mmoja anayekuja kila siku kusoma gazeti ameketi na chai yake, kamba ikalegea taratibu, fizikia ikatua kikombeni. Hajji akafuta miwani, akaniambia, "Binti yangu, hapa kwenu siku hizi vitabu ndivyo vinavyowafuata watu." Kitabu kilibaki na jalada lililochanika kwenye meno ya vibanio na kurasa za rangi ya chai. Kamba ni ya magazeti na vijitabu vya kurasa chache, basi. Hilo mwezeshaji hakulisema, na sidhani kama aliwahi kuning'iniza chochote zaidi ya suruali.

Sasa katoni. Chukua za sabuni ya mche, ni ngumu kwa sababu zinabeba mzigo. Za biskuti ni laini, zitakunjika kabla ya Ijumaa. Ikate ubavuni kwa mshazari, kutoka juu nyuma hadi chini mbele, upate mteremko, kisha ufunike mteremko huo kwa kipande kingine cha katoni. Hapa ndipo wengi wanaharibu: angalia mistari ya ndani ya katoni, ile ya mawimbi. Isimame wima, kutoka chini kwenda juu. Ikilala, ubao wako utapinda kitabu kikiwekwa tu. Chini mbele bandika ukingo wa kuzuia kitabu kisiteleze, upana wa vidole viwili. Ndani weka tofali, la sivyo mtoto akigusa kila kitu kinaanguka. Juu funika kitenge cha zamani. Mimi nilipata vipande kwa fundi cherehani, akanipa bure na maneno mengi juu yake. Gundi na utepe havikufika elfu kumi na tano, nadhani, na kisu tulikuwa nacho.

Mtu mmoja alinishauri nitumie uji wa muhogo badala ya gundi ya dukani. Ni kweli unashika. Mende nao wanaupenda. Na mchwa wanapenda katoni yenyewe, kwa hiyo usiiweke chini wala usiiegemeze ukutani. Iweke mezani, uinue na kuchungulia chini yake kila unapofagia. Dirishani pia usiweke: jua letu linakula wekundu na manjano kwanza, jalada linabaki la buluu kama limeugua.

Nikapanga. Watu wakatazama, wakasema "Pazuri," wakapita. Hapo nikaelewa kwamba uzuri peke yake hautoshi, na ndipo nikapata ile akili ambayo mpaka leo najivunia.

Mbele ya kitabu cha ufugaji wa kuku niliweka kadi ya katoni yenye maandishi makubwa ya wino mweusi: KITENDAWILI! Nyumba yangu haina mlango. Chini yake nikaandika namba ya ukurasa. Jibu sikuandika. Mtoto wa kwanza akaja mezani kwangu, "Madamu, ni yai?" Nikamwambia, "Unaniuliza mimi? Kaulize kitabu." Akafungua, akakuta picha ya yai limepasuliwa, kila sehemu ina jina lake, akaita wenzake. Nilijifanya naandika daftari huku nacheka moyoni.

Kijana wa bodaboda yeye alibisha kabisa. Jibu ni kaburi, alisema, na wenzake wawili wakamuunga mkono. Mvua ilikuwa haijakatika, kwa hiyo wakasoma ili wanishinde. Wakatoka kwenye yai wakafika kwenye kideri, pale panapoeleza kwamba ugonjwa huo hauna tiba, kinga yake ni chanjo. Mmoja akanyamaza, akauliza, "Hiki naweza kwenda nacho nyumbani?" Kuku wa mama yake walikuwa wameisha wote. Kitabu hicho kilikuwa kimelala rafuni kwenye 636.5, namba ya maktaba ya vitabu vya kuku, tangu kiletwe, hakina hata muhuri mmoja wa kuazimwa.

Nikaongeza vingine. Nyumba yangu ina nguzo moja, kwa kitabu cha kilimo cha uyoga, ambao hapa Uganda wengi huuotesha kwenye maganda ya mbegu za pamba. Popote niendapo anifuata, kwa sura ya mwanga na kivuli, katika kile kile cha fizikia chenye harufu ya chai. Nacho kikapata wasomaji, Hajji akiwemo.

Rafu ya Kiswahili ndiyo ilikuwa imekufa zaidi. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi tangu 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini rafu yangu haikupata habari. Siku hizi, ikikaribia Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, meza nzima naiachia Kiswahili, na watoto ndio wanaoleta vitendawili vyao. Wanaotoka kwa mabibi zao kijijini wananishinda.

Mjumbe wetu mmoja alitaka vitabu vya mezani visiazimwe mpaka mwezi uishe, "tusiharibu mpangilio". Tulibishana sana. Kitabu kikiondoka, mpangilio umefanya kazi yake. Mimi naweka akiba chini ya meza, napachika kingine. Na rafuni, pale kilipotoka, nasimamisha kipande cha katoni chenye namba na neno "mezani", ili anayekitafuta asizunguke bure.

Shida niliyo nayo sasa ni katoni zenyewe. Mwenye duka aliyekuwa akinipa bure ameona shule mbili zinakuja kuulizia, naye ameanza kuziuza mia tano tano.