Kimo cha Chuma

Leo alfajiri nimenyanyua chuma kutoka chini mara tano bila kusikia ule mchomo wa kiunoni ulionisumbua tangu mwezi wa Ramadhani, nami nimeona niandike nilivyofika hapa ningali nakumbuka.

Jimu yetu iko uani, Temeke, chini ya mwembe. Chuma chetu ni bomba la maji, na uzito wake ni zege lililomwagwa ndani ya makopo ya rangi. Sividharau vifaa hivyo, kwa kuwa ndivyo vilivyonijenga mabega. Lakini kuna jambo ambalo sikuliangalia kwa miaka miwili mizima. Sahani kubwa za mashindano, yaani yale magurudumu ya uzito yanayovishwa kwenye ncha za chuma, zina kipenyo cha milimita 450, kwa hiyo chuma kikilala chini huwa kimo chake ni sentimita 22.5, karibu na katikati ya muundi. Makopo yetu ni membamba mno, na nilipopima kwa utepe wa fundi nilikuta bomba liko sentimita 14 tu. Mimi mwenye miguu mirefu sikuweza kulifikia bila kuupinda mgongo, na kila nilipovuta, mzigo uliokuwa haki ya mapaja na makalio uliangukia kiuno. Mchukuzi wa sokoni analijua hili kuliko sisi sote: gunia zito hajitwiki peke yake kutoka chini, hungoja wenzake wamtwishe.

Nilimwendea mzee seremala wa jirani, akanikatia vipande viwili vya mbao ngumu vya kuweka chini ya makopo. Hapo hapo nikayapeleka makopo yenyewe kwenye mizani ya duka la nafaka: moja lilikuwa kilo 17, jingine 19. Nimelichonga lililozidi kwa patasi hadi yakalingana.

Wiki tatu hizi nimerudi kwenye mzigo mwepesi, nikijifunza upya kusimama. Bomba linakaa juu ya kamba za viatu, katikati ya wayo. Nainama kwa nyonga, nalishika, kisha nasogeza magoti mbele hadi miundi iliguse. Navuta pumzi na kuikaza tumboni kama mtu anayengoja kupigwa ngumi. Halafu, kabla sijanyanyua chochote, navuta polepole mpaka mikono inyooke kabisa na bomba lianze kulia kwenye matundu ya zege. Hapo ndipo naisukuma ardhi kwa miguu. Zamani nilikuwa nalikwapua kwa mkupuo mmoja, na naamini hilo liliniumiza sawasawa na kile kimo kifupi.

Nilipovua soksi leo nimekuta mstari wa kutu umepanda wima kutoka katikati ya muundi hadi karibu na goti, pande zote mbili. Bomba halikuniacha hata kidogo njiani. Zile mbao nimeziacha pale pale chini ya mwembe, kwani vijana wawili wanaokuja jioni ni warefu kunishinda.