Haragwe la ishirini na tisa

Juzi umeme ulikatika Katuba, kama kawaida yake. Mdogo wangu akaja na daftari na mshumaa. "Yaya, hii fizikia ya kiini cha atomu imenishinda." Wamewaambia watabiri spini (kiasi cha kuzunguka kwa kiini kizima) na pariti (alama ya chanya au hasi ya ulinganifu wake) ya shaba 63, yenye protoni 29 na neutroni 34. Shaba, hapa Lubumbashi, ambako jimbo lenyewe liliwahi kuitwa Shaba!

Alikuwa amepanga protoni kwenye ngazi za nishati kama elektroni: 1s, 2s, 2p. Sikumcheka, kosa hilohilo niliwahi kulifanya ubaoni, darasa zima linanitazama. Kwenye kiini, baada ya 1s inakuja 1p. Tena ngazi ya 1p na zinazofuata, isipokuwa zile za s, zinapasuka mbili, kwa kuwa spini ya chembe na mzunguko wake vinashikana, na ile yenye j kubwa (jumla ya spini na mzunguko, ile sehemu inayoandikwa mwishoni, kama 7/2 kwenye 1f7/2) inashuka chini. Maria Goeppert Mayer na Hans Jensen walilionyesha hilo mwaka 1949, kila mmoja kivyake, wakapewa Nobel 1963. Bila mpasuko huo, 28 haingekuwa namba ya maajabu, yaani idadi inayojaza tabaka na kukifanya kiini kiwe imara zaidi.

Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nikachota ishirini na tisa, haragwe moja kwa kila protoni, nikayapanga ngazi kwa ngazi. Mawili, manne, mawili: manane. Sita, mawili, manne: ishirini. Manane ya 1f7/2: ishirini na nane, tabaka limejaa. Likabaki moja, nikamwekea mdogo wangu kiganjani.

"Hili linaenda wapi?"

"2p3/2?"

Ndiyo. Neutroni 34 ni shufwa, zinajipanga mbilimbili na spini zao zinafutana. Haragwe lile moja ndilo linaamua kila kitu: spini 3/2, na kwa kuwa l (namba ya mzunguko wake) kwenye ngazi za p ni 1, witiri, pariti ni hasi. Ndivyo ilivyopimwa pia.

Kobalti 59 akaifanya mwenyewe. Ina protoni 27, akatoa maharagwe mawili, 1f7/2 ikapungukiwa moja, na pengo moja huhesabiwa kama chembe moja: 7/2 hasi. Sahihi.

Akanogewa, akataka sodiamu, ile ya kwenye chumvi. Protoni 11, tatu ziko 1d5/2, akaandika 5/2 chanya. Kilichopimwa ni 3/2 chanya. Kiini cha sodiamu 23 kimerefuka, na hesabu yetu ya maharagwe inadhani kila kiini ni mviringo kama chungwa.

"Sasa wakiuliza sodiamu kwenye mtihani?"

"Pariti si umeipata?"

Hakufurahi. Mama naye akauliza maharagwe yake yatapanda makaa saa ngapi.