Msuko wa sweta kwa spoku ya baiskeli

Kama kuna mtu kakwambia sweta la misuko, lile lenye mistari iliyopishana kama nywele zilizosukwa, halifumwi kwa mkono, eti ni mashine tu, mwache hapohapo alipo uendelee na yako. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Dodoma, Kisasa, mwanaume na ndevu zangu, na nimemfumia binti yangu sweta lenye misuko miwili kifuani, juzi mama mwenye duka la jirani akaniuliza nimelipata wapi, nikamwambia limetoka Ulaya akaamini.

Kuanzisha vitanzi na kufunga sielezi, mimi nilifundishwa na mama nikiwa mdogo Njombe na kule usipojua kufuma baridi itakufundisha. Hapa Dodoma watu wanajua jua tu, njoo mwezi wa saba ulinde geti usiku wa manane na ule upepo, ndo tutaongea.

Uzi nilipata mitumba Sabasaba, sweta kubwa la kiume rangi ya maziwa, buku mbili tatu hivi, unategemea na mdomo wako. Usichukue jeusi wala la rangi mchanganyiko, msuko hauonekani, utakesha bure. Na kabla hujalipa ligeuze ndani uangalie mshono wa ubavuni, ukikuta kitambaa kimekatwa na mkasi kikapigwa overloki rudisha, maana ukifumua unapata vipande vipande vya uzi utaunga mpaka uchoke. Langu lilifumuka lote vizuri, nikalilowesha nikaning'iniza na chupa ya maji kwa chini uzi unyooke.

Sasa kuna mama mmoja anafuma vitambaa vya makochi, fundi kweli, akaniambia, "Kaka, misuko unapishanisha kila ukirudi upande wa mbele, usichelewe itafumuka." Nikamtii maana ni mkubwa kwangu. Yaani kitu kilichotoka sijui nikiiteje! Kilibana kikawa kigumu, vitanzi vimekazana sindano haipiti, nasukuma mpaka kidole gumba kinauma, halafu sehemu ya msuko imejivuta juu sehemu nyingine imebaki chini, ukikiweka mezani kinasimama chenyewe. Mwenzangu wa zamu akauliza hiyo ni ya kusugulia sufuria? Nilipompelekea yule mama akaniambia mkono wangu mzito. Mkono wangu mzito!

Nikaachana naye nikamuuliza sweta mwenyewe. Nilikuwa na lingine la mitumba lenye misuko, nikawasha tochi ya simu nikaanza kuhesabu kitanzi kwa kitanzi kutoka pale msuko unapopishana mpaka unapopishana tena. Mistari 6. Siyo kila mistari 2 kama alivyosema yule mama, ni 6! Na upana wake vitanzi 6, kila upande pembeni vitanzi 2 vya kinyume, vile vyenye vinundu, ndo vinafanya msuko utokeze, ukiweka vya kawaida pande zote unazama tu.

Watu wanasema lazima ununue sindano maalum. Fundi baiskeli alinipa spoku iliyovunjika bure, nikakata kipande cha urefu wa kidole, nikakikunja katikati kikawa na kibonde, ncha nikazisugua kwenye simenti mpaka zikaacha kunasa uzi. Kile kibonde ndo siri yenyewe, vitanzi vinakaa mle havichomoki hata simu ikiita. Ukifika pa kupishanisha unahamishia vitanzi 3 vya kwanza kwenye spoku bila kuvifuma, unaiacha ining'inie mbele, unafuma 3 vinavyofuata huku umevuta uzi kidogo pasibaki tundu, halafu unafuma vile 3 vya kwenye spoku. Basi, kimeisha. Spoku ikikaa mbele msuko unalalia kushoto, ikikaa nyuma unalalia kulia, kwa hiyo mimi mmoja niliulaza huku na mwingine kule, ikatazamana. Lakini kwenye msuko mmoja ukianza na mbele baki na mbele mpaka juu, ukichanganya hupati kamba, unapata kitu kama nyoka.

Alafu msuko unakula upana. Ukimaliza ule mpira wa chini, yaani ukingo unaovutika, ongeza vitanzi, viwili hivi kwa kila msuko, la sivyo mtoto haliingii kifuani. Na uzi unaenda zaidi kuliko sweta la kawaida, bora ufumue sweta kubwa kubaki kuliko kupungukiwa mkononi.

Kuhesabu mistari usiku na usingizi siyo mchezo, kwa hiyo naweka mbegu 6 za ubuyu kofiani, kila nikimaliza mstari natoa moja, zikiisha nashika spoku. Bosi akipita anaona mlinzi anakula ubuyu.

Yule wa zamu aliyenicheka sasa anataka kofia ya msuko. Nimemwambia alete sweta la kufumua na pakiti ya ubuyu, na uwe mweupe, ule mwekundu unapaka rangi kwenye uzi.